Kuboresha UPS ya Ofisi Katika Nyanda za Juu Kusini

Kabla ya kununua UPS mpya, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, orodhesha vifaa visivyopaswa kuzimika ghafla, kama seva, swichi ya mtandao, ruta na kompyuta ya mhasibu, kisha ujumlishe wati zake. Printa ya leza usiiunganishe kamwe, kwa kuwa inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuielemea UPS.

Usidanganywe na volti-ampea (VA) zilizoandikwa kwenye boksi: UPS ya VA 1000 yenye kipeo cha nguvu (power factor, yaani sehemu ya VA inayopatikana kama wati) cha 0.6 hubeba wati 600 tu. Tena Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ambako hewa nyepesi haipozi vifaa vizuri kama ya pwani, ilhali watengenezaji wengi huhesabu uwezo kamili hadi mita 1,000 pekee; kwa hiyo nashauri mzigo usizidi asilimia 70 ya wati hizo. Baridi ya Juni na Julai nayo hupunguza chaji inayotolewa na betri.

Betri za risasi hubadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, zote kwa pamoja, wala usiweke za litiamu kwenye chaja isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi (waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) kabla ya mvua za Novemba, maana radi za huku ni kali, na bila ethi nzuri kinga iliyomo ndani ya UPS haisaidii. Unapoijaribu UPS, hifadhi kazi zote, kisha uzime swichi ya soketi inayoilisha badala ya kuchomoa plagi, ili ethi isikatike.