Jinsi ya Kuiga Sumaku kwa Kompyuta

Anayeanza kuiga mifumo changamano ya kifizikia kwa kompyuta ni vyema aanze na modeli ya Ising ya vipimo viwili, yaani sumaku iliyorahisishwa kuwa gridi ya vituo vinavyoelekea juu (+1) au chini (-1), kwani mwanasayansi Lars Onsager alichapisha jibu lake kamili mwaka 1944, nawe utaweza kuipima programu yako kwalo.

Tengeneza gridi ya 32 kwa 32 yenye thamani za +1 au -1, uunganishe kingo zake ili kila kituo kiwe na majirani wanne. Kwa kanuni ya Metropolis ya mwaka 1953, chagua kituo kwa bahati nasibu, ukokotoe badiliko la nishati kikigeuzwa (kila jozi ya majirani wanaofanana huchangia -1, wanaotofautiana +1): nishati isipoongezeka, kigeuze; ikiongezeka, kigeuze kwa uwezekano wa exp(-ΔE/T), ambapo ΔE ni badiliko hilo na T ni jotoridi kwa vizio vya modeli. Kituo cha +1 kilichozungukwa na majirani wa +1 kikigeuzwa huongeza nishati kwa 8, hivyo katika jotoridi la 2 hugeuzwa chini kidogo ya mara 2 katika 100.

Tupa hatua za mwanzo kabla ya kupima. Karibu na jotoridi la 2.269, ambapo usumaku, yaani wastani wa thamani zote, hutoweka, endesha programu kwa muda mrefu zaidi. Sampuli zinazofuatana hapo hufanana mno, na anayezihesabu kuwa huru hupata kosa la kipimo dogo kuliko lilivyo kweli.