Jinsi ya kurekodi masomo ya sauti kwa mwanafunzi mwenye ADHD

Nafundisha Kiswahili gredi ya sita huku Kisauni, Mombasa. Mara ya kwanza nilipotaka kumsaidia kijana wangu mmoja mwenye ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kukaza mawazo, nilirekodi kipindi kizima, dakika 35, nikamtumia mamake kwa WhatsApp. Hakufika hata nusu. Madawati yakikwaruza, huyu akiuliza, yule akijibu: zile zile vurugu zilizomshinda darasani nilikuwa nimempelekea nyumbani.

ADHD si utundu wala malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, na dalili zake huanza kabla ya miaka 12. Wako wasiokaa kitini, wako waliotulia tuli lakini mawazo yako ufukweni Mama Ngina, na wako wenye yote mawili. Wengi wao hulemewa na kushika maagizo kichwani. Ukimwambia, “Fungua ukurasa wa 42, soma kifungu, jibu swali la 3 hadi la 6,” akiupata ukurasa, yaliyobaki yameshaponyoka. Kuuliza tena anaona haya. Rekodi hairudii kwa hasira, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Hatua ya 1: Katakata somo. Rekodi moja, jambo moja, dakika nne au tano. Ngeli ya KI-VI mimi huigawa mara tatu: kwanza kiti na viti; kisha chakula na vyakula; mwisho kiboko na kifaru, ambao huanza kwa ki- lakini ni viumbe hai, kwa hiyo hufuata ngeli ya A-WA. Hii ya mwisho ukiichanganya na za kwanza, umempoteza.

Hatua ya 2: Andika utakachosema. Tafadhali usiiruke hatua hii. Bila maandishi utazunguka, nawe unataka kila sentensi impe mtoto kitu cha kufanya. Hivi ndivyo ninavyoanza:

“Hii ni sehemu ya 1 kati ya 3. Ni dakika nne. Chukua kalamu, karatasi na kikombe. Nakungoja.” Hapo nanyamaza sekunde kumi kamili. “Kiinue kikombe juu. Sema nami: kikombe kikubwa kimejaa. Umesikia ki, ki, ki? Sasa simamisha sauti. Andika sentensi hiyo kwa wingi. Ukimaliza, bonyeza tena.”

Anajua safari ina urefu gani, mkono una kazi, na agizo linakuja moja moja. Baada ya kituo hicho, yaani pale anaposimamisha sauti, natoa jibu, “Vikombe vikubwa vimejaa,” ajisahihishe mwenyewe. Vituo viwili au vitatu kwa rekodi vinatosha.

Hatua ya 3: Rekodi. Simu ya kawaida inatosha. Mimi hurekodi baada ya alfajiri, kabla tuktuk hazijaanza kupiga honi. Zima feni, hata kama joto linakuchoma, maana mvumo wake huingia kwenye kila neno. Kuta tupu hutoa mwangwi, kwa hiyo tundika leso mbili tatu au kaa karibu na kabati la nguo lililo wazi. Iweke simu shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili p na b zisipige kama kofi. Ukikosea, nyamaza kidogo, rudia sentensi nzima, kisha ukate kosa baadaye.

Hatua ya 4: Hifadhi na utume. MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takribani nusu megabaiti kwa dakika, yaani dakika nne ni kama megabaiti mbili. Bando la mzazi halitaumia. Itume kama faili yenye jina, “KI-VI sehemu ya 1”, kwa sababu ujumbe wa sauti humezwa na salamu za ukoo. Mama wa kijana wangu hurudi kutoka kazini magharibi, na simu ni yake. Tukamwekea kijana masomo kwenye memori kadi ya redio ndogo ya nyumbani, basi haimlazimu kungoja simu.

Hatua ya 5: Ambatisha karatasi. Nusu ukurasa tu: maneno makuu, na mapengo ya kujaza anaposikiliza.

Hatua ya 6: Mwache asikilize kwa namna yake. Asimame, atembee sebuleni, afinyange udongo. Akitaka kuongeza kasi, mwache. Wengine sauti ya polepole ndiyo huwapoteza mawazo. Nakataza jambo moja tu: vifaa vya masikioni barabarani.

Rekodi haitoshi peke yake. Darasani bado namkalisha mbele na kumpa agizo moja kwa wakati. Mzazi mwenye wasiwasi namwelekeza EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu, na suala la dawa ni la daktari.

Hatua ya 7: Muulize mtoto. Baada ya siku tatu mpe maswali matatu ya mdomo, kisha umuulize palipomshinda. Kijana wangu aliniambia, “Mwalimu, pale kwa kifaru unakimbia.” Nikasikiliza, kweli nilikuwa nakimbia. Jumamosi nikairekodi upya, nikaongeza kituo kimoja baada ya kifaru.