Kupanga mavazi ya ndoa ya bomani kwa mfuko mdogo, Nyanda za Juu Kusini

Ukishaamua kufunga ndoa bomani, bila shela la kukodi wala sare za kamati, kalenda ya nguo inaanzia kwenye notisi, yaani taarifa ya kusudio la kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi itolewe siku 21 kabla ya ndoa, na wengi huitoa kwanza ndipo waanze kuzunguka madukani. Siku hizo ni chache mno. Fundi mwenye kazi zake anahitaji muda wa kukata, wa kukujaribisha mara mbili, na wa umeme kukatika. Kitambaa kimfikie wiki 3 kabla ya kutoa notisi, na yeye mtajie tarehe iliyo wiki moja kabla ya ile ya kweli. Kwa ndoa ya Desemba au Januari ongeza wiki 2 nyingine: Desemba cherehani zimejaa nguo za sikukuu, Januari sare za shule.

Pesa nazo zigawe kuanzia kwa fundi. Tuchukue Sh 400,000 kwa maharusi wote wawili: Sh 150,000 ushonaji na marekebisho, Sh 100,000 vitambaa, bitana na zipu, Sh 80,000 koti na suruali vya mtumba, Sh 40,000 viatu. Sh 30,000 zinazobaki usiziguse mpaka wiki ya mwisho. Zipu itakatika, au soksi zitasahaulika. Wanaomaliza hela kwenye kitambaa cha bei huishia kwa fundi wa bei poa. Kitenge cha kawaida kilichokatwa vizuri hakuna atakayeuliza kilinunuliwa shilingi ngapi, lakini zipu iliyojikunja mgongoni huonekana hata na aliyekaa nyuma kabisa.

Halafu kuna baridi, ambayo ushauri wa mavazi unaotoka Dar es Salaam huisahau. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Juni na Julai, saa 3 asubuhi mnatetemeka nje ya ofisi, saa 7 mchana jua linachoma. Gauni liwe na bitana na mikono ya robo tatu, na juu yake koti fupi la kuishia kiunoni au shali nzito ya kuvua mchana. Kama utavaa fulana ya joto ndani, ivae siku ya kupimwa. Unene wake unatosha kabisa kuzuia zipu isipande.

Kuanzia Novemba hadi Aprili adui ni mvua, na upande wa Tukuyu ndiyo zaidi. Gauni lisivuke katikati ya shavu la mguu. Pindo la rangi ya maziwa likigusa tope jekundu, kulifuta ni kulisambaza.

Kitenge cha yadi 6, chenye upana wa inchi 45 hivi, kinawatosha wote wawili: yadi 3 na nusu kwa gauni la kuvuka goti la mwanamke wa mwili wa kati, robo tatu ya yadi kwa mbele ya kizibao cha bwana harusi, kinachobaki ni kilemba. Ila ua likiwa kubwa, au likiwa na juu na chini, kama vile ndege waliosimama, gauni peke yake linaweza kula yadi 4, kwa kuwa fundi hawezi kugeuza vipande ili vibanane. Hapo kilemba kimekufa. Kiloweke kitenge usiku mmoja kwenye maji baridi, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo kipelekwe. Pamba hupungua ikilowa lakini bitana ya poliesta haipungui, kwa hiyo aliyeruka hatua hii akifua mara ya kwanza ataona bitana ikichungulia chini ya pindo.

Anayetaka rangi moja achukue kitambaa cha krepu cha upana wa inchi 60, yadi 2 na nusu, na bitana yadi 2. Satini nyepesi iache: mshono ukifumuliwa matundu ya sindano yanabaki, na tone la maji huacha alama. Rangi ya maziwa usiinunue chini ya taa ya duka. Toka na kitambaa mlangoni, kilaze juu ya bitana yake kwenye mwanga wa jua. Maziwa ya duka hili na maziwa ya duka lile yakikutana kwenye picha, moja huonekana limechafuka.

Suti ya bwana harusi ndipo mtumba unapookoa fedha, soko la Mwanjelwa kwa Mbeya, mradi ujue cha kukagua. Anza na bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukining'inia nje, rudisha koti kwenye henga, maana kurekebisha bega ni kufumua mkono mzima na gharama inaweza kuzidi bei ya koti. Urefu wa koti nao hauguswi, kwa sababu mifuko itabaki chini mno. Kiuno cha suruali kinapunguzika kwa inchi 2 hivi bila shida. Kukiachia kunategemea kitambaa kilichobaki ndani: geuza suruali, tazama mshono wa katikati nyuma, uone kama kuna angalau inchi 1 kila upande. Mikono hufupishwa kirahisi ikiwa vifungo vya mkononi ni vya urembo tu. Vikiwa na matundu ya kweli, kazi ni kubwa. Inua nguo juani uone matundu ya nondo, kisha angalia mapajani kwa ndani palipolika. Kola yenye malengelenge ni dalili kwamba gundi ya ndani imeachia, na pasi haitairudisha.

Koti na suruali vikinunuliwa mbalimbali, msijaribu kuoanisha nyeusi na nyeusi. Moja itaonekana ya kijani au ya kahawia nje. Bluu iliyokolea juu na kijivu chini huonekana mmekusudia. Suti ya sufu msiifue kwa maji ya moto, na mkiipiga pasi wekeni kitambaa chenye unyevu juu yake, vinginevyo magotini patang'aa.

Kwa fundi, nenda na sidiria na viatu vya siku yenyewe. Kisigino cha inchi 2 hubadilisha mahali pindo linapoangukia. Jaribio la kwanza liwe nguo imeshikizwa kwa mkono tu, kabla ya ovaloki, mashine ya kumalizia kingo, maana ikishapita akiba ya kitambaa pembeni mwa mshono imekatwa. Mwombe aache inchi 1 ubavuni. Kaa, inama kama unayesaini cheti, inua mikono: gauni likivuta kwapani sasa, litachanika siku hiyo.

Viatu viwe vya kisigino kipana. Skuna nyembamba huzama kwenye nyasi za uani.

Mashahidi wawili na wazazi msiwanunulie kitu. Mpeni kila mmoja kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kwa kuwa picha ya simu hudanganya rangi, kisha waambieni wachague walichonacho kabatini kinachokaribiana nacho. Mama akisema ana kitenge chake kizuri, muacheni nacho. Shangazi atauliza sare iko wapi. Mkatieni naye kipande, mjadala utaisha.

Pasi pigeni jioni ya kuamkia siku hiyo, na gauni litundikwe, lisikunjwe. Umeme ukikatika asubuhi utajikuta na pasi ya mkaa, na cheche moja ya mkaa juu ya krepu ya maziwa haina dawa.