Kutengeneza antena ya VHF ya mlingoti kwa kituo cha wavuvi ufukweni

Juzi nilikuwa na wavuvi wa kikundi kimoja ambao redio yao ya ufukweni, mpya, ya wati 25, ilikuwa haisikiki baharini. Redio haikuwa na neno, ubovu ulikuwa huko juu kwenye mlingoti. Hivi ndivyo tulivyojenga upya. Kibali cha masafa kutoka mamlaka ya mawasiliano (TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya) kitangulie manunuzi.

1. Urefu. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita ambazo mawimbi yanafika. Mita 15 zinakupa 16, na boti yenye antena mita 3 juu ya maji inaongeza 7: jumla 23. Ukienda mita 30, jumla inafika kama kilomita 30 tu. Mimi naishia 15.

2. Kukata. Chaneli 16 ni 156.8 MHz, kwa hiyo robo ya wimbi ni kama sentimita 48. Kata fimbo ya shaba ya kusimama kwa urefu huo, kisha punguza milimita mbili mbili huku ukipima SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi badala ya kutoka hewani; kikikaribia 1 ndiyo vizuri). Kwa kawaida utaishia karibu na 45. Fimbo nne za chini, sentimita 50 kila moja, ziinamishe nyuzi 45 ili ukaribie omu 50 zinazotakiwa na redio na kebo. Zifunge kwenye matundu manne ya soketi ya konekta aina ya N. Yagi (antena inayoelekeza mawimbi upande mmoja) msinunue: boti zimetawanyika kila upande.

3. Kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 30 inakula robo tatu ya nguvu. Wati 25 zinafika juu kama 6. Nunua kebo nene, RG-213 au LMR-400.

4. Kiungo cha juu. Hapa ndipo vituo vingi vinapofia. Maji yakipenya kwenye konekta, wavu wa shaba ndani ya kebo huyafyonza na kuyashusha. Tulipoimenya kebo ya kikundi kile, wavu ulikuwa kijani mpaka mita kadhaa chini. Na SWR? 1.2! Kebo iliyooza humeza mawimbi yanayorudi, kipimo kilichofungwa huku chini kwenye redio kikaonyesha kila kitu shwari. Kwa hiyo usikiamini peke yake. Chomoa kebo kule juu, iache wazi, pima chini kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena na kebo (si kwa redio, utaiunguza). Kebo isiyooza itaonyesha SWR kubwa, maana mawimbi yanagonga ncha iliyo wazi na kurudi. Ikisoma chini ya 3, itupe.

Konekta ya PL-259 haizuii maji hata kidogo, ndiyo maana nang'ang'ania N. Hata hivyo ifunge: tepu ya mpira inayojigandisha, uivute mpaka ikonde, ukianzia chini kwenda juu kama unavyoezeka makuti, ili maji yateleze. Juu yake tepu nyeusi ya umeme, maana jua huumaliza mpira. Silikoni inayonuka siki usiitumie, inakula shaba. Kebo ifungwe kwenye bomba kila mita, uzito usining'inie kwenye konekta, na kabla ya kuingia ukutani ipinde kwenda chini ili matone yadondokee nje.

5. Kusimamisha. Mbali na nyaya za umeme, umbali unaozidi urefu wa mlingoti wenyewe. Bomba na wavu wa kebo viunganishwe na fimbo ya ardhini, kwa ajili ya radi.

Mkijaribu sauti, hamieni chaneli ya kazi. 16 ni ya dharura na kuitana.