Jinsi ya kulinganisha vyanzo vya umeme vya kituo cha angani

Anza na giza, kama fundi wa sola hapa Goma anayeuliza kwanza taa zitawaka saa ngapi usiku. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka dunia kwa takriban dakika 90, na hadi dakika 35 hivi hupita kivulini. Kwa hiyo paneli zake (ambazo hazihitaji kufutwa majivu ya volkano ya Nyiragongo) hulisha mitambo huku zikichaji betri za lithiamu. Kisha pima muda: seli zinazounganisha haidrojeni na oksijeni kutoa umeme zilifaa safari fupi za angani, zikatoa hata maji ya kunywa, lakini kituo cha miaka mingi kingelazimika kuletewa gesi hizo daima. Jenereta ya wati 110 hivi, inayogeuza joto la plutoniamu kuwa umeme, naiweka kando, kwani kituo hicho hutumia makumi ya kilowati.