Bushi inayojilainisha yenyewe kwenye joto la nyuzi 650

Bushi hii, mkono wa metali unaoshika shafti inayozunguka, hutengenezwa kwa poda ya nikeli na kromi iliyochanganywa na vilainishi, ikabanwa na kuchomwa tanurini. Grisi haifiki kwenye joto hilo, inaungua njiani. Grafiti ikiwa hewani huanza kuliwa na oksijeni kwenye nyuzi 450–500 za Selsiasi, na disulfidi ya molibdeni hata kabla ya hapo. Hii ya pili usiitie kabisa kwenye nikeli na kromi: tanurini salfa yake huungana na metali, kilainishi kikapotea.

Mchanganyiko wa kuaminika ni PM304 wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Kwa gramu 100 pima nikeli-kromi (nikeli 80 kwa kromi 20) gramu 60, oksidi ya kromi 20, fedha 10, floridi ya bariamu 6.2 na floridi ya kalsiamu 3.8. Fedha, kwa ulaini wake, hulainisha bushi ikiwa bado baridi. Floridi huvunjika-vunjika zikiwa baridi, lakini zikikaribia nyuzi 500 hulegea na kupokea kazi. Ukiiacha fedha, bushi itakwaruza kila mashine inapowashwa.

Floridi ziyeyushe pamoja kwanza, kisha saga na uchekeche. Kwa uwiano huo huyeyuka kwenye nyuzi 1022, wakati kila moja peke yake huhitaji zaidi ya 1300. Kausha poda zote kwa nyuzi 120, kwa sababu unyevu huleta madonge, na donge la floridi ndani ya bushi ndipo ufa utakapoanzia. Changanya kavu, bila maji. Floridi ya bariamu ni sumu: vaa barakoa ya vumbi, na asidi isiikaribie kamwe, maana hutoa gesi ya floridi ya hidrojeni.

Bana poda kwenye kalibu, kisha choma kwa nyuzi 1100 ndani ya hidrojeni kavu. Tanuri lisafishwe kwa agoni, gesi isiyowaka, kabla na baada, la sivyo linaweza kulipuka. Anza na dakika 20. Hapa ndipo wengi huharibu. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961, hivyo muda ukizidi hutoka jasho, na utaona shanga nyeupe juu ya bushi. Pima uzito kabla na baada ya kuchoma. Ukipungua kuliko kawaida, punguza muda kwanza, joto baadaye.

Kabla ya kusaga bushi kufikia kipimo cha mwisho, ipashe moto kwa saa kadhaa kwenye joto itakalofanyia kazi, maana nikeli-kromi hii inaweza kuvimba ikipata moto na kuibana shafti. Saga kwa jiwe la almasi. Mizunguko ya kwanza iendeshe ikiwa na moto, mzigo mdogo, mpaka utando laini wa fedha na floridi utandae juu ya shafti.