Namna ya kutumia neno "stahili" katika sentensi za adhabu

Neno "adhabu", likisimama peke yake, halituambii kama aliyeadhibiwa alikuwa na kosa. Mtu asiye na hatia huweza kupewa adhabu, na sentensi inayosema hivyo ikawa sahihi kabisa. Anayetaka msomaji aelewe kwamba mkosaji amevuna alichopanda hana budi kuongeza neno la kubeba maana hiyo, na neno linaloibeba vizuri zaidi ni kitenzi "stahili". Kitenzi hiki hakina ubaya wala uzuri wake chenyewe: mshindi anastahili pongezi, mlaghai anastahili adhabu. Ukali wote hutoka katika nomino inayokifuata, kwa hiyo usiseme tu kwamba "amepata alichostahili" kabla hujamwonyesha msomaji alichotenda, maana hatajua kama unampongeza au unamsuta.

Kwa kawaida kiima cha "stahili" ni yule aliyetenda, na baada ya kitenzi huja ama nomino ama kitenzi-jina: "Mlaghai huyu anastahili adhabu", au "Mlaghai huyu anastahili kuadhibiwa". Katika sentensi ya pili kiambishi cha kutendwa hakiachwi. Ukiandika "anastahili kuadhibu" umemkabidhi mlaghai fimbo.

Penye mtego mkubwa ni wakati uliopita. Tuseme umeandika, "Katibu alistahili kufukuzwa kazi." Je, alifukuzwa? Sentensi haisemi, na wasomaji wengi watadhani kwamba aliponyoka, kwa sababu mtu akisema fulani "alistahili" bila kueleza kilichofuata, husikika kama anayenung'unika. Ikiwa kweli alifukuzwa, tanguliza tukio na hukumu yako ifuate: "Katibu alifukuzwa kazi, na alistahili." Au yaunganishe yote mawili kwa kirejeshi: "Katibu alipata adhabu aliyostahili." Binafsi naipenda ile ya kwanza, kwa kuwa inatenganisha kilichotokea na maoni ya mwandishi, na msomaji asiyekubaliana na hukumu bado anabaki na habari.

Ukanushi nao unataka uangalifu. "Hakustahili adhabu ile" inaweza kueleweka kwamba mtu huyo hakuwa na kosa lolote, au kwamba alikuwa nalo lakini adhabu ilizidi. Ukiandika "hakustahili adhabu kali namna ile", umekiri kosa na umepinga kipimo tu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno mawili huweza kumtia mtu hatiani au kumtoa. Tena, usichanganye "hastahili" na "hastahi": "stahi" ni kuheshimu au kuonea haya, kwa hiyo "hastahi wakubwa" ni habari nyingine kabisa.

Katika virejeshi utakuta "adhabu anayostahili", "adhabu anayoistahili" na "adhabu inayomstahili". Zote hutumika. Mimi hutumia zile mbili za mwanzo ninapomtazama mkosaji na matendo yake, na ile ya mwisho ninapozungumzia adhabu yenyewe kana kwamba ni vazi linalopimwa limwenee mtu: "Mahakama itafute adhabu inayomstahili, isimkomoe wala isimdekeze."

Jirani wa karibu wa "stahili" ni "stahiki". Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kwa mizizi tofauti; "stahiki" ina mzizi mmoja na "haki". Mara nyingi hutumika kama kivumishi kisichobadilika, bila kiambishi cha ngeli: adhabu stahiki, malipo stahiki, hatua stahiki. Likiwa nomino huelekea zaidi upande wa mafao na haki za mtu, ndiyo maana ukisema "mwizi apewe stahiki zake" utasikika kama unamdaia mshahara. Hata "Mstahiki", cheo cha heshima anachoitwa meya, ni neno la ukoo huohuo. "Haki" nayo ina hatari ileile: ukiandika kwamba mtuhumiwa "alipata haki yake", msomaji ataelewa kwamba alishinda kesi.

Kihusishi "kwa" kinahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hueleza sababu na pia hueleza njia. Chukua sentensi hii: "Mwanafunzi aliadhibiwa kwa kufagia uwanja." Kufagia ni kosa au ni adhabu? Akili yetu inatuambia ni adhabu, lakini sarufi haituambii. Badilisha kitendo kidogo tu, useme "aliadhibiwa kwa kukimbia", na hata akili haisaidii tena. Dawa yake ni kutaja waziwazi lililo kosa au iliyo adhabu: "aliadhibiwa kwa kosa la kukimbia", au "aliadhibiwa kwa kukimbizwa kuuzunguka uwanja". Uhusiano wa kosa na adhabu usipoonekana, hakuna atakayekubali kwamba ilistahili.

Tahajia: "adhabu" huandikwa kwa dh, si "azabu", na "adabu" ni neno lingine. Mtu hupewa adhabu, lakini hutiwa au hushikishwa adabu. "Ameshikishwa adabu" inafaa sana unapotaka kusema kwamba mjeuri amekomeshwa, ingawa katika taarifa rasmi itasikika kama kejeli.

Semi zina mvuto, ila si kila usemi wa mateso unazungumzia mateso ya haki. "Amekiona cha mtema kuni" huonyesha ukubwa wa taabu tu. Hata mwanafunzi mwema aliyekutana na mtihani mgumu hukiona. Na kile kiambishi "ki" kisidondoke, maana ndicho kinachopatana na "cha". "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole" humfaa aliyejiletea balaa, awe mwovu au mzembe. Kwa aliyemtegea mwenzake mtego ukamnasa mwenyewe, methali inayolenga hasa ni "mchimba kisima huingia mwenyewe". Lakini "mchuma janga hula na wa kwao", ambayo wengi huitupa popote mkosaji anapokamatwa, inawahusu jamaa wanaoumia kwa kosa lisilo lao. Ukiitumia kumsuta mlaghai, umewasikitikia wanawe na yeye umemwacha.